Mbio za mwaka mzima kwa saa ya swala

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, aliyetupa miguu ya kutembelea na pumzi za kuvuta, akatukabidhi miili hii iwe amana mikononi mwetu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake wote.

Tumekuwa tukiona jambo moja likijirudia mitaani kwetu mwaka hadi mwaka. Baba wa familia huambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu limepanda au sukari imeanza kusogea, naye hununua raba na kuanza mbio za asubuhi kwa ari kubwa. Kaskazi ikivuma na fukuto la Januari likimlemea, huacha. Mwezi wa Aprili hujaribu tena, masika humrudisha ndani. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, raba huingia uvunguni, na Idi ikishapita hakuna anayekumbuka zilipo. Mama wa nyumba hiyohiyo, ambaye huenda naye ana maradhi yaleyale, hata hizo siku chache za majaribio hakuzipata.

Wengi husema kwamba watu hawa wamekosa nia. Sisi tunaona kwamba nia wanayo, walichokosa ni mpango. Wametaka kukimbia saa ileile, mwendo uleule na nguo zilezile kwa miezi kumi na miwili, ilhali hali ya hewa haikai vilevile. Muislamu hapaswi kuwa mgeni katika jambo hili. Ibada zake zote zimefungamana na nyakati: swala kwa jua, funga na Hija kwa mwezi. Nyumba inayofuata saa hizo tayari ina ratiba nzuri ya mbio za mwaka mzima. Kilichobaki ni kuisoma, na kuhakikisha kila mwana wa nyumba hiyo anapata sehemu yake.

Mbio si jambo geni kwetu

Wapo wanaouona mchakamchaka kuwa ni jambo la wanajeshi, wanafunzi na watu wa mijini, lisilo na nasaba na dini. Tuwakumbushe kwa upole. Katika nguzo za Hija na Umra imo saayi baina ya Safa na Marwa, kumbukumbu ya Bi Hajar aliyekwenda mbio kumtafutia mwanawe maji. Mizunguko saba ya saayi, ukiijumlisha, ni mwendo wa karibu kilomita tatu. Miongoni mwa masahaba alikuwamo Salama bin Al-Akwa (Allah amridhie), aliyesifika kwa kasi ya miguu, na habari ya kushindana kwake mbio hadi Madina imo katika Sahihi Muslim. Imepokewa pia katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akizidisha kufunga na kusimama usiku, kuwa mwili wake nao una haki juu yake.

Tumefunzwa pia mahali pasipofaa kukimbia. Ikikimiwa swala tumeamrishwa tuiendee kwa utulivu, si kwa mbio. Kwa hiyo mbio tunazozizungumzia hapa ni zile zinazofuata swala, na zisiwe kamwe sababu ya kuiharakisha au kuichelewesha.

Kiwango kinachohitajika si kikubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu kama mbio. Nusu saa ya mbio za taratibu, mara tatu kwa wiki, inatosha kuingia katika kiwango hicho. Watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji zaidi: wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku.

Kivuli chako ndicho saa yako

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kileleni. Katika kipimo hicho mna hekima inayomfaa mkimbiaji. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, jua liko juu na mionzi yake ni mikali. Kikiwa kirefu kuliko mwenyewe, jua limeinama na ukali umepungua.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: usikimbie wakati kivuli chako ni kifupi kukuliko. Kwetu maana yake ni kwamba kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi Alasiri si wakati wa mbio za nje. Oktoba na mwanzoni mwa Machi, ambapo jua la Dar es Salaam na Unguja hupita utosini kabisa, kanuni hii ni ya kushikwa kwa nguvu zaidi.

Zinabaki nyakati mbili. Wa kwanza ni baada ya swala ya Alfajiri. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, tofauti ya kuchomoza jua Dar es Salaam kati ya mwezi wa mapema zaidi na wa kuchelewa zaidi ni dakika 40 hivi tu: Novemba mapema jua hutoka kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na Julai hutoka baada ya saa kumi na mbili na nusu. Anayeswali jamaa, akaleta adhkari zake na kungoja mpaka aione barabara vizuri, huwa amejipangia saa bora ya siku bila ya kutafuta saa nyingine ya kumwamsha. Wa pili ni ile saa ya mwisho kabla ya Magharibi. Huu una baridi ndogo kuliko alfajiri, kwani ardhi na kuta bado zimeshika joto la mchana, lakini unawafaa wenye watoto wa shule na wanaotoka kazini. Uishe mapema kiasi cha kumwezesha mtu kuoga na kuisubiri adhana.

Swali huulizwa kuhusu jasho. Jasho ni twahara na halitengui udhu. Hata hivyo, msikiti una heshima yake na jirani yako katika safu ana haki yake. Usiende jamaa ukiwa unanuka, bali oga na ubadilishe nguo.

Kaskazi: mwendo upungue

Tangu Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukitawala, joto la mchana Dar es Salaam hukaribia nyuzi 32 na usiku halishuki sana chini ya 25. Tatizo kubwa zaidi ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa maji, jasho hutiririka tu bila ya kukauka, na joto hubaki ndani. Hata alfajiri, ijapokuwa jua halijatoka, unyevu wa hewa huwa umefikia kilele chake. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia gizani na bado akazidiwa.

Tiba yake ni kupunguza mwendo. Katika miezi hii hesabu dakika, usihesabu kilomita. Kipimo rahisi ni ulimi wako: kama unaweza kuleta adhkari za asubuhi kwa sentensi nzima bila ya kukatika pumzi, mwendo ni salama, maneno yakianza kukatikakatika, tembea mpaka pumzi irejee. Kukimbia dakika tatu na kutembea moja si aibu. Mwili unahitaji siku kumi hadi kumi na nne kulizoea joto, kwa hiyo anayetoka Arusha au Mbeya kuja pwani, na anayeanza upya baada ya mapumziko, aanze na robo saa tu na aongeze kidogo kidogo.

Kunywa maji bilauri moja au mbili kabla ya kutoka, na baadaye kunywa kwa kufuata kiu. Kwa mbio zisizozidi saa moja maji matupu au dafu yanatosha. Kwa zaidi ya hapo, jasho likiwa jingi, mwili unahitaji pia chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi ni mchanganyiko ambao kila nyumba inaweza kuutengeneza. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiutumie bila ya kumwuliza daktari wake. Wala tusidhani kwamba maji mengi zaidi ni bora zaidi. Kujilazimisha kunywa kupita kiasi nako kuna madhara.

Dalili za kuzidiwa na joto kila mwana familia azijue: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, misuli kukakamaa, na mwisho mtu kuongea maneno yasiyoeleweka au kupepesuka. Akifikia hapo hiyo ni hatari ya roho. Apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila ya kukoma, huku akitafutiwa usafiri wa hospitali. Asinyweshwe chochote ikiwa fahamu zake si timamu.

Asidharau mtu jambo hili kwa kutegemea ujana wake au nia yake njema. Katika Hija ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, joto la Makka lilipita nyuzi 50, na mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza vifo vya zaidi ya mahujaji 1,300. Wengi wao hawakuwa na vibali rasmi na walitembea mwendo mrefu juani bila ya mahali pa kujihifadhi. Allah awarehemu na awakubalie. Hao walikuwa katika ibada tukufu, na joto halikuwaacha. Sisi tulio katika mazoezi ya hiari tuna udhuru gani wa kulikaidi? Anayenuia Hija au Umra naye achukue somo: miguu na moyo huandaliwa mwaka mzima nyumbani, si wiki moja kabla ya safari.

Masika na vuli: mvua si adui, radi ndiyo adui

Masika ya Machi hadi Mei, na vuli za Oktoba hadi Desemba, hupoza hewa na kuondoa vumbi. Manyunyu hayamdhuru mwenye afya. Yapo mambo manne ya kuogopwa.

La kwanza ni radi. Ukiona mmweko, hesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijifiche chini ya mwembe wala mnazi, na usibaki katikati ya uwanja au ufukweni.

La pili ni maji yaliyotuama barabarani. Chini yake huweza kuwamo mtaro usiofunikwa, chemba iliyo wazi au waya wa umeme uliokatika. Maji usiyoiona ardhi yake usiyakanyage, hata kama jana yake ulipita hapo.

La tatu ni mbu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini yule wa dengi huuma mchana, na hasa asubuhi na alasiri, saa zetu za mbio. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mikono mirefu na suruali pana, mavazi yetu ya sitara, ni kinga pia. Miguu na mikono iliyobaki wazi ipakwe dawa ya mbu.

La nne ni miguu yenyewe. Soksi mbichi huleta malengelenge, na vidole visivyokaushwa huota fangasi. Ukirudi, vua raba, toa soli za ndani, na uzijaze karatasi zinyonye maji. Usiziweke karibu na jiko, kwani gundi huachia. Na karatasi hizo zisiwe za gazeti hili wala lolote lenye aya za Qur'an na majina ya Allah.

Siku ambayo mvua haikatiki, mazoezi yahamie ndani: kuruka kamba barazani, kupanda na kushuka ngazi, au mchakamchaka wa papo kwa papo pamoja na watoto sebuleni kwa dakika kumi na tano. Lengo ni kwamba mazoea yasikatike.

Kusi na kipupwe: msimu wa kuanzia

Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huleta kipupwe, na pwani yote hupumua. Huu ndio msimu bora wa kuanza kwa yule ambaye hajapata kukimbia, maana akifika Desemba mwili wake utakuwa umeshakomaa. Wenyeji wa Lushoto, Njombe, Makete na Mbeya wana shauri jingine: baridi yao ya Juni na Julai ni kali. Wao wapashe misuli moto ndani ya nyumba kwanza, wavae nguo mbili nyepesi badala ya koti moja zito ili waweze kuvua moja njiani, wafunike masikio, na wangoje ukungu uinuke kabla ya kuingia barabarani. Mwenye pumu asitoke bila ya dawa yake ya kuvuta, na hewa baridi aivute kupitia puani au nyuma ya kitambaa. Dodoma na Singida, ambako miezi hii ni mikavu, upepo na vumbi ndio mtihani. Afadhali njia yenye miti na saa ya alfajiri kabla magari hayajatimua vumbi.

Kwa wakazi wa pwani, ufuko wakati wa kupwa ni uwanja uliotandikwa na Mola. Mchanga mbichi ulioshikana ni laini kwa magoti, ule mkavu huchosha na kuteguza. Anayefuata kalenda ya Hijria ana faida hapa pia: siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni za bamvua, maji hupwa mbali na hujaa juu sana, na saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Usikimbilie kwenye miamba isiyo na njia ya kupandia maji yakigeuka. Na kwa kuwa ufuko umeinama, rudi kwa njia uliyoendea ili mguu mmoja usibebe mzigo wote.

Ramadhani haiondoi, inabadilisha

Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na inaendelea kurudi nyuma: kwa hesabu za falaki, mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba Ramadhani za miaka hii zinaangukia katika kiangazi cha pwani. Haya si mambo ya kuyabahatisha.

Mbio za baada ya daku na Alfajiri, zinazofaa mwezi mwingine wowote, katika mwezi huu hazifai, kwani kiu yake utaibeba mchana kutwa. Chagua moja kati ya mawili. Ama dakika 20 hadi 30 za mwendo mwepesi kabla ya Magharibi, karibu na nyumbani, ili maji na tende viwe vimekaribia. Ama baada ya Tarawehe, tumbo likiwa limetulia, kwa wanaume na kwa wale wenye mahali salama. Punguza nusu ya kiasi chako cha kawaida. Katika mwezi huu hatutafuti kuongeza nguvu, tunatosheka kutopoteza tuliyonayo, na Qur'an na kisimamo cha usiku vina haki ya kwanza.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikimbie akiwa amefunga kabla ya kuzungumza na daktari. Na yeyote atakayezidiwa, akahofia nafsi yake, afungue na ailipe siku hiyo baadaye. Dini yetu haikumtaka mtu ajiangamize, sembuse kwa mazoezi.

Barabara na watu wake

Nchini kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji akae upande wa kulia ili aione gari na bodaboda inayomjia. Kwenye kona isiyoonekana mbele, avuke mapema upande wa pili. Mkiwa kundi, kimbieni kwa mstari mmoja. Alfajiri vaa rangi nyeupe, na juu yake kizibao kinachoakisi mwanga, kama kile wanachovaa madereva wa bodaboda; buibui jeusi gizani halionekani na dereva yeyote. Masikio yaachwe wazi. Anayeziba masikio kwa simu haisikii honi wala hatua za mtu aliye nyuma yake.

Mbwa akikusogelea, simama, usimpe mgongo na kukimbia. Akikuuma au kukuchubua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Wanaume nao wakumbuke sitara. Baina ya kitovu na goti ni uchi wa mwanamume, na bukta fupi za mbio haziruhusiki kwa sababu tu zimetengenezwa kwa ajili ya mbio. Suruali nyepesi au bukta ipitayo goti inatosha.

Na kabla ya yote, mwenye umri uliopita miaka 40 ambaye hajazoea mazoezi, mwenye maradhi ya moyo, kisukari, shinikizo la damu, au mjamzito, aanze kwa daktari. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, moyo kwenda mbio ovyo au kuzimia ni dalili za kusimama papo hapo na kutafuta hospitali, si za kuvumilia.

Mama wa nyumba ana haki hii pia

Tumefika pale ambapo wengi wetu hunyamaza. Maradhi ya sukari na shinikizo la damu hayachagui jinsia, lakini ukisimama barabarani baada ya Alfajiri utawaona wanaume. Mama yuko jikoni anachemsha chai, anawavisha watoto sare, anafagia uwanja. Akitamka kwamba naye angependa kukimbia, huambiwa kuwa si heshima.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Bi Aisha (Allah amridhie) alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), wakashindana mbio, naye Bi Aisha akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipojaa, walishindana tena na Mtume (s.a.w.) akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa huo ni ulipaji wa ushindi ule. Hakuna aliyekuwa na heshima zaidi ya mwanamke huyo, wala aliyekuwa na wivu wa haki zaidi ya mume huyo. Kisa hiki kinatuonyesha mume aliyempa mkewe muda wake na mahali pa staha, na furaha ikawa yao wote wawili.

Kwa hiyo swali letu lisiwe kama mama akimbie, bali vipi tumwezeshe. Vazi lake linawezekana: juba pana lisiloburura, suruali ndani yake, na mtandio wa kitambaa chepesi kinachokauka haraka, uliofungwa bila ya pini zinazoweza kumchoma akianguka. Mahali panawezekana: uwanja wa shule ya Kiislamu au madrasa baada ya Alfajiri, uliotengwa kwa wanawake siku mbili kwa wiki, ambapo hata mwenye nikabu ataweza kuifunua na kuvuta pumzi. Kamati za misikiti zina ufunguo wa viwanja hivi. Kwao tunatuma ombi hili rasmi. Pasipo na uwanja, wanawake watatu au wanne wa mtaa mmoja watoke pamoja, kwa njia yenye mwanga na watu, nyumbani ikijulikana wamepita wapi na watarudi saa ngapi.

Lipo pia neno la kuwaambia vijana wetu. Binti aliyejisitiri akipita mbio, yule anayempigia mluzi au kumtupia maneno ndiye aliyevunja heshima ya mtaa. Kuteremsha macho ni amri kwa wanaume kabla ya chochote kingine. Wazazi walifundishe hili nyumbani, na makhatibu walitaje mimbarini, maana mabinti wengi waliacha mazoezi kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya jua wala mvua.

Ratiba ya nyumba moja

Tunapendekeza mpango mwepesi unaofuata wiki yetu ya Kiislamu. Jumatatu na Alhamisi ziachwe kwa wanaofunga sunna. Ijumaa iachwe kwa maandalizi ya swala kuu. Jumanne baada ya Alfajiri ni zamu ya mama: baba huchemsha chai na kuwaandaa watoto. Jumatano ni zamu ya baba. Jumamosi nyumba nzima hutoka pamoja kabla ya Magharibi, mdogo kabisa akiweka mwendo, ili asiachwe mtu nyuma. Jumapili ni ya yule aliyekosa zamu yake katikati ya wiki. Kaskazi ikija mnapunguza mwendo, masika yakija mnaangalia mbingu, kusi ikija mnaongeza, Ramadhani ikija mnahamisha saa. Ratiba inabaki ileile.

Nyumba itakayoanza Jumanne hii kwa robo saa ya mama, baba akiwa jikoni, itakuwa imefanya sehemu ngumu kuliko zote. Tunamwomba Allah atupe afya tuitumie katika kumtii, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuzirejeshe amana hizi Kwake zikiwa zimetunzwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.